Soseji Tamu za Enid Sutcliffe

Enid Sutcliffe alikuwa na mikono baridi, na katika mji wetu wa Thornroyd mwanamke mwenye mikono baridi alihesabiwa kuwa amejaliwa. Unga unaochanganywa na shahamu ya nguruwe hautaki joto. Mikono ya moto huyeyusha mafuta kabla ya wakati wake, na badala ya ganda linalovunjika mdomoni kama jani kavu, unapata kitu cha kutengenezea soli za viatu. Mama yangu mikono yake ilikuwa ya moto kama pasi. Kila siku ya mkesha wa Krismasi alichungulia ng'ambo ya ua, kwenye dirisha la jikoni kwa akina Enid, akasonya na kusema, "Yule msichana kapewa mikono ya maiti, ndiyo maana." Alisema kwa wivu, na sote tulijua ni wivu.

Nimekuwa jirani yake maisha yangu yote, ukuta mmoja kati yetu, katika Mtaa wa Inkerman, zile nyumba za mawe meusi zilizopangana kutoka kiwandani hadi kanisani. Nilimsikia akizaa. Nilimsikia akigombana na mumewe Harold, na nilimsikia akimlilia Harold alipokufa, kwa sababu kuta zetu ni nyembamba, na watu wetu hulia kwa sauti ndogo wakidhani hawasikiki. Kwa hiyo haya siyaandiki kwa kuambiwa.

Siku hizi mtu akitaka soseji za kukunja anaingia dukani, anazitoa kwenye jokofu zikiwa zimegandishwa ndani ya mfuko, na nusu saa baadaye anakula kitu chenye ladha ya karatasi iliyoloweshwa. Vijana wanazila wakitembea barabarani, makombo yakiwadondokea kifuani, macho yakiwa kwenye simu. Kwetu kilikuwa chakula cha mkesha wa Krismasi, na nje ya hapo ulikipata harusini na mazishini tu. Nyama ilikuwa ya bega la nguruwe, iliyosagwa na mafuta yake, ikatiwa pilipili nyeupe, kungumanga kidogo, na yale majani ya kijivu yanayonukia ambayo kila mwanamke aliyapanda nyuma ya choo cha nje. Iliviringwa ndefu kama mshipi, ikafunikwa kwa unga, ikakatwa, ikapakwa yai. Hakuna cha ajabu. Lakini vitu visivyo na ajabu ndivyo vinavyoharibika upesi mtu asipovijali, na sisi hatukuvijali.

Nakumbuka wakati oveni zetu za makaa zilikuwa ndogo mno kwa kazi ya Krismasi. Wanawake walibeba masinia yao hadi kwa mwokaji mikate pale kona, na yeye, akishatoa mikate ya asubuhi, aliwaachia joko lake likiwa bado na moto. Kila nyumba ilikuwa na alama yake ya kisu juu ya unga ili masinia yasichanganyike. Walisimama foleni kwenye theluji, shali vichwani, wakitaniana.

"Wewe Clara, hizo ni soseji au vidole vya mumeo?"

"Vidole vya mume wangu vingekuwa vinene hivi, ningezaa mapacha."

Mwokaji alijifanya hasikii. Alikuwa shemasi.

Enid aliingia foleni ile akiwa mtoto wa kumshikia mama yake kitambaa, na baadaye kama mwanamke mwenye sinia lake. Hakuwahi kuondoka Thornroyd zaidi ya wiki moja ya likizo pwani. Alipomaliza shule, bado mtoto, alipelekwa kiwandani kufuma, na huko ndiko nilikomwona kila siku, kwa maana mimi nilikuwa fundi wa mitambo ile. Kelele za ukumbi wa kufumia sitazieleza, aliyekuwamo anazijua na asiyekuwamo hatasadiki. Wafumaji hawakusikizana, kwa hiyo walizungumza kwa midomo bila sauti, wakiitanua kwa kila neno, na kusomana. Enid alisoma midomo ya mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara. Mtaani kwetu hapakuwa na siri, ilimradi msengenyaji awe amesimama dirishani.

Aliolewa na Harold, dereva wa gari la makaa, mtu mpole aliyekuwa akikohoa tangu ujana. Walipata mtoto mmoja, Raymond, aliyekuwa na akili, na katika mji kama wetu mtoto mwenye akili ni mtoto utakayempoteza. Alisoma, akaenda mjini Leeds, akapata kazi ya bima, akamwoa Denise wa huko huko. Kiwanda kilifungwa. Mitambo niliyoitunza kama ng'ombe wa maziwa ilivunjwavunjwa kwa nyundo na kuuzwa chuma chakavu, na jengo likagawanywa vyumba vya watu wanaofanya kazi mahali pengine. Kanisa likawa duka la mazulia. Mwokaji alikufa na joko lake likabomolewa. Kikohozi cha Harold kikammaliza. Enid alipata kazi ya kupika shuleni, na hiyo nayo ikaisha walipoanza kuwaletea watoto chakula kwa gari.

Katika yote hayo hakuacha soseji zake. Kila mkesha alipika za mtaa mzima na kupeleka sahani nyumba kwa nyumba, na watoto wote walimwita Shangazi Enid hata ambao hawakujua jina lake la pili. Kisha watoto wakakua, nyumba zikauzwa, wakaja watu wa kupanga. Mwaka mmoja kijana alimfungulia mlango nusu, akamuuliza kama kuna nguruwe ndani.

"Bila nguruwe, mwanangu, ningekuletea mkate mtupu," Enid akamjibu.

Kijana akashukuru, akapokea, akafunga. Asubuhi yake nilikuta sahani juu ya pipa la taka na soseji zote ndani ya pipa. Niliiosha sahani, nikamrudishia Enid, nikamwambia zimeliwa.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Akili ya Enid ilianza kuteleza mwaka ule wa theluji nyingi. Mwanzoni ilikuwa majina. Kisha aliacha gesi wazi bila moto, na mimi niliinusa kupitia ukutani. Halafu asubuhi moja ya vuli nilimkuta amesimama mbele ya lango la kiwanda, aproni mwilini, akimfokea mwanamke mmoja mwenye mbwa kwamba amechelewesha zamu. Nilimrudisha nyumbani kwa mkono. Njiani akili ikamrudia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitazama aproni yake, akasema, "Usimwambie Raymond." Sikumwambia. Mwanamke mwenye mbwa ndiye aliyesema, akamwambia daktari, na daktari akampigia simu Raymond.

Walikuja Jumapili, yeye na Denise. Enid aliniita nami, maana hakutaka kuwa peke yake mbele ya watu wawili. Tuliketi jikoni.

"Mama," Raymond akaanza, "leo tuzungumze kama watu wazima."

"Mimi ni mtu mzima tangu hujazaliwa. Wewe ndiye unayechelewa."

"Kuna mahali tumepaona," Denise akasema. "Ni nyumba ya kutunza wazee. Pazuri, Mama. Pana bustani."

"Bustani ninayo."

"Una ua wenye pipa la taka."

"Pipa langu."

Sikumpenda Denise. Nasema wazi. Alikuwa na kucha zilizopakwa rangi na namna ya kugusa vitu vya Enid kwa ncha za vidole, kana kwamba kila birika lina ugonjwa. Lakini siku ile alikuwa anasema kweli, na Raymond alikuwa anaangalia meza.

"Utaungua, Mama," Raymond akasema. "Utaungua humu ndani, na Wilf naye ataungua pamoja nawe."

"Mimi nimeshakauka, nitawaka vizuri," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Enid alipitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza kama anayekunjua nguo. Kisha akasema, "Haya, nisikilizeni. Siku ya mkesha mtakuja kama kawaida. Nitapika soseji zangu, mimi mwenyewe, hakuna wa kutia mkono. Zikitoka sawa, mtaniacha humu mpaka siku ya jeneza, na sitaki kusikia tena habari za bustani. Zikinishinda, nitakwenda. Wala hamtanibeba, nitakwenda kwa miguu yangu."

"Mama, mambo kama haya hayaamuliwi kwa soseji."

"Kwa nini? Umezila tangu umeota meno. Huyo daktari wako aliniuliza jina la waziri mkuu. Waziri mkuu kanisaidia nini mimi? Niulizeni ninachokijua."

Raymond alimtazama mkewe. Denise akainua mabega, akasema taratibu, "Ni haki yake."

"Wilf ni shahidi," Enid akasema. Na kwa watu wa rika letu hilo lilitosha. Neno likishasemwa mbele ya jirani, limesemwa.

Tangu jioni ile nilianza kumsikia kupitia ukutani akijifunza, kama mtoto anayekariri sala. "Unga. Chumvi. Shahamu, ikate ndogondogo. Maji ya baridi, kijiko kwa kijiko. Iache ipumzike. Isukume. Halafu nyama. Halafu nyama." Jioni nyingine alikwama katikati, nikamsikia akigonga meza kwa ngumi. Mara moja nilisogeza mdomo ukutani nikasema, "Ipumzike, Enid." Kisha ikaja sauti yake: "Nani kakuuliza?" Akaanza tena mwanzo.

Siku moja kabla ya mkesha tulikwenda sokoni pamoja kwa basi. Katika mji mzima amebaki muuza nyama mmoja anayesaga mwenyewe, mle ndani ya jengo la soko, na yeye humwita kila mwanamke mpenzi, hata wenye masharubu.

"Ya Krismasi, mpenzi?"

"Ya bega. Isage mbele yangu, nikuone. Usinichanganyie mabaki."

"Lini nimekuchanganyia mabaki?"

"Baba yako alinichanganyia. Nimekusamehe wewe, yeye bado."

Alimfungia kwa karatasi nyeupe na uzi, mafundo mawili. Enid aliipakata nyama ile mapajani njia nzima ndani ya basi. Alikuwa mchangamfu, alikumbuka majina, alinisema kwa ajili ya kola yangu. Nilishuka nikiamini atashinda. Nilianza hata kupanga nitakachomwambia Denise.

Mkesha ulipofika theluji ilikuwa magotini. Nilikwenda kwake mapema kidogo, nikasimama mlangoni.

"Unataka nini?" Alikuwa ameshafunga aproni, unga umemrukia kwenye nyusi.

"Kuangalia tu."

"Nenda zako. Mikono yako ina joto, naihisi kutoka hapa. Kaondoe theluji mlangoni, mwanangu asije akavunja shingo kabla hajala."

Nikachukua koleo. Nilisafisha ngazi zake, zangu, na kipande cha barabara. Kupitia dirishani nilimwona akisukuma unga, na ilikuwa raha kumtazama. Mabega yalikuwa yametulia, mti wa kusukumia ukienda na kurudi bila haraka, robo mzunguko, tena, robo mzunguko. Mwili ulikuwa unakumbuka kila kitu. Niliacha kuangalia, nikaendelea na theluji yangu. Baadaye ikaja harufu ya unga unaoiva, viungo na sukari, nami nikadhani ametanguliza vile vitobosha vyetu vidogo vya matunda, kama wengine wafanyavyo.

Raymond na Denise walifika mchana ule ule, magurudumu yakiteleza. Tulipoingia, sinia lilikuwa mezani chini ya kitambaa cheupe, vikombe vimepangwa, na Enid alikuwa amevua aproni na kuvaa blauzi yake ya kanisani. Alisimama kando ya jiko kama askari anayekaguliwa.

"Funga mlango, Raymond, baridi haikualikwa. Kaeni. Denise, toa maziwa."

Denise alifungua jokofu. Kutoka nilipoketi niliona alichokiona. Kwenye rafu ya juu ilikuwapo karatasi nyeupe ya muuza nyama, uzi wake, na mafundo mawili ambayo hayajafunguliwa.

Lazima nieleze jambo moja hapa, kwa maana ni la kwetu. Kila jiko la Kiingereza, inapokaribia Krismasi, huwa na nyama mbili. Moja ni hii ya soseji. Nyingine hukaa kabatini katika chupa tangu vuli, nayo ni zabibu kavu, matufaha, maganda ya chungwa, sukari ya kahawia, viungo na brandi, vyote vimekatwakatwa na kulowana. Ndiyo tunayotilia kwenye vile vitobosha vya Krismasi. Zamani sana ilikuwa na nyama kweli ndani yake. Nyama ilitoka, jina likabaki, na hadi leo tunaiita nyama ya kusaga. Hakuna mtoto wa hapa anayekosea. Tunajua kama tunavyojua kulia na kushoto. Na Enid, kupitia ukuta, jioni hadi jioni, alikuwa akijiambia neno moja tu: halafu nyama.

Denise alifunga jokofu. Aliweka maziwa mezani, akaenda kusimama karibu na sinki. Nikasubiri aseme. Hakusema.

Enid aliondoa kitambaa. Sijapata kuona unga ulioiva vile. Rangi ya asali, umepanda tabaka juu ya tabaka, kingo zimefungwa sawasawa. Kwenye ncha za baadhi yake kulikuwa na kitu cheusi kilichotoka na kung'aa, na Raymond, aliyekuwa na njaa, hakukitazama. Alichukua moja, akauma. Taya zikasimama. Zikaendelea.

"Mmh," akasema. "Tamu, Mama."

"Tamu vipi?"

"Tamu sana. Kama za kila mwaka."

Nami nikauma yangu. Ganda lilivunjika kama nilivyosema linavyopaswa kuvunjika, na nyuma yake ikaja zabibu na sukari na brandi. "Ni tamu kweli, Enid," nikasema, na hakuna awezaye kusema nilidanganya.

Enid alikunja uso kidogo. Tangu lini watu wa Thornroyd wakasifu chakula mara mbili mfululizo? Harold, katika miaka yote ya ndoa, alizoea kusema "zinaliwa," na hiyo ilikuwa sifa ya juu. Aligeuka kumtazama Denise.

Denise alikuwa akimwangalia mumewe. Alimfumbulia mdomo bila sauti, polepole, kila neno likitanuliwa ili Raymond aelewe: *Nyama iko kwenye jokofu. Usimwambie.* Alizaliwa mjini, baada ya viwanda. Hakujua amesimama mbele ya nani. Raymond alijua, na niliona uso ukimpauka.

"Nyama gani iko kwenye jokofu?" Enid akauliza.

Alikwenda mwenyewe, akalifungua, akaitoa ile karatasi, akaiweka katikati ya meza kando ya sinia. Aliitazama. Kisha akachukua soseji moja, akaivunja vipande viwili, akaangalia ndani. Aliila yote, akiwa amesimama, kiganja chini ya kidevu kudaka makombo.

"Nani kagusa kabati yangu?" akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Wilf. Uliingia humu?"

"Huenda mimi niliihamisha, Enid. Nilipokuwa natafuta koleo."

"Koleo hukaa ndani ya jokofu?" Alinitazama kwa huruma. "Umekuwa mwongo tangu utotoni, na hujawahi kuwa hodari."

Raymond alisimama. "Mama, ni kosa dogo. Mtu yeyote—"

"Mtu yeyote si mimi."

"Nyama ipo. Unga upo. Pika sasa hivi, sisi tunasubiri. Tuseme hizi hatukuziona."

"Mmeshaziona. Mmezila, mkaniambia tamu." Akamgeukia Denise. "Nilisema nini siku ile? Wewe una kumbukumbu nzuri. Mimi sina, kama unavyoona."

Denise alikuwa analia, wino wa macho ukimchirizika. Aligusa mkono wa Enid, kwa kiganja kizima safari hii. "Tuache tu, Mama. Tuache."

"Nilisema nini?"

"Ulisema zikikushinda utakwenda."

"Basi zimenishinda."

Nilitaka Denise afurahi. Ingekuwa rahisi kwangu, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Lakini yeye ndiye aliyelia kuliko wote, na yeye ndiye aliyesema, mara tatu mbele yangu, kwamba wangeweza kutafuta mtu wa kushinda na Mama mchana. Raymond naye akasema, ndiyo, mtu wa mchana. Enid akatikisa kichwa. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya jirani, na jirani huyo alikuwa ameketi pale pale, mdomo umejaa zabibu.

"Unga je?" akaniuliza baadaye. "Unga ulitokaje?"

"Haujawahi kutoka hivyo. Hata wa mama yako."

"Najua," akasema. "Nilijua nilipokuwa naukata." Kisha akasukuma sinia mbele yetu. "Kuleni. Shahamu haitupwi."

Tukala. Tulikunywa chai na kula soseji zile tamu mpaka giza likaingia, watu wanne mezani, na karatasi ya muuza nyama katikati yetu, mafundo mawili. Mtaani hakupita mtu akiimba. Zamani wangepita.

Walikuja kumchukua Januari, asubuhi, theluji ikiwa imegeuka uji mchafu kando ya barabara. Nilikuwa nimejiandaa kwa namna atakavyotoka. Nilidhani nitamwona akitembea kwa miguu yake, kichwa juu, kama alivyoahidi, na nilikuwa nimevaa tai kwa ajili hiyo.

Alitoka na koti lake, akaliona gari, akaliona sanduku mkononi mwa Raymond.

"Nani anasafiri?"

Raymond akalishusha sanduku chini. "Wewe, Mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini?"

"Siku ya mkesha. Soseji."

"Soseji gani?" Alicheka kidogo, akanitazama mimi nimsaidie. "Krismasi bado, mwanangu. Sijanunua hata nyama."

Hakukumbuka sinia. Hakukumbuka neno lake wala shahidi wake. Yule aliyekubali kwenda hakuwapo tena, na huyu aliyesimama mlangoni hakuwa amekubali chochote. Raymond alianza kumweleza upya, na kila alivyoeleza, mkono wa Enid ulizidi kuushika mwimo wa mlango, akaanza kusema hapana, kwanza taratibu, kisha kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kupitia ukuta katika maisha yangu yote. Mapazia ya jirani yalisogea. Hakuna aliyefungua mlango.

Denise ndiye aliyeyamaliza. Alimkaribia, akaweka sanduku nyuma yake lisionekane, akasema kwa upole, "Si tunakwenda sokoni, Mama? Kwa muuza nyama. Umesema mwenyewe hujanunua."

Enid akanyamaza. Akaachia mlango. "Sasa kwa nini hamkusema hivyo tangu mwanzo? Mnanipigisha kelele mbele ya watu." Alirekebisha koti, akateremka ngazi, akajipakia kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani. Raymond alifunga mlango wa gari na kusimama akiwa ameligeuzia gari mgongo.

Dirisha likateremka. "Wilf!" akaniita. "Nikuletee nini?"

Nikashika fundo la tai yangu.

"Mwanaume, nakuuliza. Foleni itakuwa ndefu."

"Figo mbili," nikasema.

"Za kondoo au za ng'ombe? Sema vizuri."

"Za kondoo, Enid."

"Haya. Kaa ndani, utashikwa na kifua, na hiyo tai umeifunga upande."

Gari lilishuka taratibu kwenye ule uji wa theluji hadi chini ya mtaa, likawasha taa ya kupinda, likapinda kulia. Soko liko kushoto.